Toyota Noah ya kukodi, Moshi hadi Pangani kupitia Lushoto: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa anayejiuliza akodi gari lenye dereva au aendeshe mwenyewe, na anataka jibu tu: kodi lenye dereva, na ukipata dereva mtu mzima anayeijua barabara ya Tanga, mlipe bila kulialia. Gari lenyewe ndilo la kukagua kwa macho makavu kabla hujatoa hata senti ya advansi.

Kikoba chetu cha akina mama hapa Moshi kilivunjwa Desemba, na tulikubaliana sehemu ya faida iende kwenye safari badala ya kugawana yote na kuishia kwenye ada na sare za shule. Lushoto kwanza, kisha Tanga mjini, mwisho Pangani. Majirani walitushangaa. Desemba ndiyo Wachaga wote wanarudi nyumbani, sisi tunaondoka! Lakini hapo ndipo tulipofaidi. Kuanzia Himo magari ya kutoka Dar yalikuwa yamefuatana kama siafu, na upande wetu ni peupe.

Bei ilikuwa laki moja na nusu kwa siku, dereva akiwemo, mafuta juu yetu. Kwa msimu wa Krismasi sioni ubaya. Mkataba ulikuwa karatasi moja, na posho na malazi ya dereva hayakutajwa popote. Nilimwambia kijana wa ofisini ayaandike kwa kalamu na apige mhuri pale pale. Akacheka, lakini akaandika. Namba za gari zilikuwa nyeupe, yaani gari la biashara. Ukiletewa lenye namba za njano, hilo ni gari la mtu binafsi; trafiki akigundua mmelipia safari mtashushwa njiani, na likitokea la kutokea utabaki unabishana na watu wa bima. Stika ya bima niliihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu, ikasoma vizuri.

Ambacho kampuni haikusema ni kwamba gari lilikuwa na deni.

Tulijua hilo Same. Trafiki alisimamisha, akamsalimia dereva vizuri tu, akaingiza namba kwenye kimashine chake, akakitazama, akakitazama tena, halafu akamwita mzee wetu wa usukani pembeni. Faini tatu za nyuma, elfu thelathini kila moja, hakuna hata moja iliyolipwa, na zote za madereva wengine. Mzee alirudi dirishani ameshika kofia mkononi. "Bosi hapokei, mama zangu." Akapiga tena, simu ikaita mpaka ikakata. Jua la Same mnalijua. Tulishuka tukabanana kwenye kivuli cha gari, mweka hazina akafungua mkoba, akalipa kwa namba ya kumbukumbu, kisha akatoa daftari la kikoba na kuandika "faini ya gari, tunadai", akampa dereva aweke sahihi. Mzee alisaini bila neno. Deni la gari linaangaliwa bure kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, kwa namba ya gari tu. Kampuni inayokodisha magari kila siku haiwezi kuniambia hailijui deni lake.

Baada ya hapo safari ilinyooka, na sifa zote ni za dereva. Aliijua kila kona yenye tochi ya kupima mwendo kutoka Same hadi Korogwe, na kwenye vijiji alishuka hadi hamsini hata pasipokuwa na askari. Mombo tulikunja kushoto kupanda Lushoto. Ile ni lami nyembamba ya kilomita thelathini na kitu, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na Coaster zinazoshuka na mizigo ya kabichi na karoti hazina habari na wewe. Alikuwa anapiga honi kabla ya kila kona na kusikiliza. Hapo ndipo nilipoona faida ya kutoendesha mwenyewe, maana kilichotupeleka kule, tuseme ukweli, ni divai.

Karibu na Soni kuna misheni ya Wabenediktini ya Sakharani, ambako wanauza makademia na divai. Mvinyo mwingi wa nchi hii unatoka Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kule pia ni wamisionari walioanzisha kilimo chake. Lakini Dodoma ni mbali na kwetu, na Usambara ina ubaridi wake unaofanya glasi ikae vizuri mkononi. Tatizo la kundi letu ni kwamba wengi wamezoea divai ya Dompo, tamu ya kulamba midomo. Mmoja wetu, mtu wa mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu ubatizo wake, alionja ile ya misheni akakunja uso: "Hii imeiva au imechacha?" Huyo ni mtu anayekunywa mbege yenye msesewe, lile gome chungu, wa kutosha kumfukuza mgeni, leo uchungu umemshinda! Mimi niliipenda. Haina sukari ya kukufunika ulimi, na kwa jibini na mkate wa rai tulivyonunua kwenye shamba la Irente, ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kutoka kwenye mwamba wa Irente unaitazama nyika yote uliyopita asubuhi ukiwa unatoka jasho.

Dereva hakuonja hata tone. Tulimfungashia chupa yake akanywe nyumbani.

Tanga mjini sina mengi. Barabara pana, mji msafi, baiskeli nyingi, jioni tulikaa bustani ya Jamhuri tukiangalia bandari. Kilichonikaa kichwani ni njia ya kufika huko, mashamba ya mkonge kuanzia Korogwe. Baba yake dereva wetu alikuwa mkata mkonge, na dereva mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwamba mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka kwenye hiyo sitini na mbili ndiyo yakaja mashamba yote yale, na migongo ya akina baba yake. Muheza tulijaza machungwa kwenye buti mpaka mabegi yakahamia miguuni.

Pangani nendeni. Mji mdogo, kimya, majumba ya zamani ya mawe yenye milango ya nakshi, mengine yamebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Mto unaoingia baharini pale ni maji yetu wenyewe ya Kilimanjaro, pamoja na ya Meru, yaliyopita Nyumba ya Mungu na kuzunguka hadi huku. Tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni na kurudi, tumesimama kati ya pikipiki na magunia ya nazi. Pweza wa jioni alikuwa laini, ametiwa ndimu na pilipili ya kusaga, na mama aliyetuuzia alituita "wanangu" ingawa wawili kati yetu ni bibi tayari.

Dereva alitutahadharisha mapema: "Mama zangu, hapa chupa ikae kwenye begi. Mji una heshima zake." Ikakaa.

Anayetaka kisiwa cha Maziwe aulize maji kwanza. Ni fungu la mchanga linaloonekana bahari ikitoka na kufunikwa ikijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka anapanga nahodha, wewe unafuata tu. Sisi tuliamshwa alfajiri, na kwa maji yale, mtu anayaona matumbawe akiwa kwenye boti, sikusikia mtu akilalamikia usingizi. Kiingilio cha hifadhi kipo, hakimo kwenye bei ya boti, uliza kabla.

Kuhusu gari: kiyoyozi kilikufa tukishuka Mombo na hakikufufuka, siti ya nyuma kabisa haikunji vizuri, tairi la akiba lilikuwa zima. Injini haikutusumbua hata kwenye ule mlima. Dereva nampa kumi kwa kumi, gari sita, ofisi tatu.

Hizo tatu ni kwa sababu tuliporudi walitaka elfu ishirini za kuosha mchanga, kana kwamba hawakujua Pangani kuna bahari. Mweka hazina akafungua daftari kwenye ukurasa wenye sahihi. Elfu tisini zilirudi kwa M-Pesa baada ya simu nyingi. Ya mchanga hatujalipa, na wao hawajaacha kupiga. Namba ya mzee tunayo. Safari ijayo tutatafuta gari kwingine, yeye tumwombe aje aliendeshe.