Kufufua Corolla DX ya mbio kwa bajeti ndogo: uzoefu wangu na karakana ya kuchonga injini, Unga Ltd

Kwa miezi minane nimekuwa nikilifufua Corolla DX, KE70, ambalo mwenye nalo wa zamani alilitengeneza kwa mbio za mstari mnyoofu. Viti vya nyuma vimeng'olewa, zulia hakuna, difu imechomelewa ili tairi mbili za nyuma zisukume kwa pamoja. Nililikuta Sakina, uani kwa watu, limekaa juu ya matofali. Nikalichukua kwa shilingi 1,800,000, injini haizunguki. Leo nazungumzia huduma moja tu, ya karakana ya kuchonga injini kule Unga Ltd, mtaa wa hapa Arusha, kwa sababu katika hela yote niliyotoa, ya pale ndiyo sijaijutia hata shilingi.

Nilianzia pabaya. Gari lilikuwa na injini ya 4K, ya sisi (cc) 1,290, pistoni zimegandia kwenye silinda. Gereji ya kwanza ilizigandua, ikaniambia nibadilishe ringi za pistoni na gasketi tu, mengine mazima. Kwa spea na ufundi ikanitoka 310,000. Wiki ya tatu ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kama maji. Hakuna aliyepima silinda, na mimi sikujua kama ilipaswa kupimwa. Silinda iliyotumika miaka mingi haibaki duara. Inalika zaidi kule juu, pistoni inapogeuzia, na upande mmoja kuliko mwingine, mpaka inakuwa na umbo la yai. Ringi mpya ni duara, kwa hiyo inaacha upenyo, oili inapanda na mgandamizo unashuka. Iliniuma sana, maana ile 310,000 nilikuwa nimeidunduliza miezi miwili.

Nikaamua kutafuta 5K. Ndiyo injini ya Toyota Townace na Liteace nyingi, vile vifodi, kwa hiyo spea zake Arusha hazisumbui na bei zake zinalipika. Ni ukoo uleule wa K: mpigo wa pistoni ni ule ule, milimita 73, ila silinda zimepanuka kutoka 75 mpaka 80.5, ndiyo maana inafika sisi 1,486. Nilipata moja kutoka kwenye kifodi kilichokufa kwa 450,000. Ilikaa kwenye vishikio vya zamani bila kuchomelea chochote.

Safari hii sikuifunga kwanza. Niliipeleka Unga Ltd ikiwa vipande.

Fundi mkuu pale ni mzee wa makamo ya baba yangu. Baada ya shikamoo hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliosha silinda ya kwanza, akaingiza geji, akapima juu, katikati na chini, kisha akaigeuza na kurudia vilevile. Vipimo sita kwa kila silinda, na zote nne alizipima mbele yangu. Silinda ya tatu ilikuwa imelika milimita 0.16 juu kuliko chini. Akanionyesha namba kwenye geji, akasema, "Hapa, mwanangu, ringi haziwezi kukusaidia."

Kisha akaniambia neno ambalo natamani kila mwenye gari la zamani aambiwe: nikanunue pistoni kwanza, nimpelekee, ndipo achonge, yaani apanue silinda. Pistoni nne zikitoka boksi moja zinaweza kutofautiana kidogo, na yeye huchonga kila silinda kwa kufuata pistoni yake. Nilileta seti ya saizi 0.50, yaani pana kwa nusu milimita kuliko za mwanzo, 190,000 pamoja na ringi. Alizipima kwa maikromita, akaziandika namba juu kwa kalamu, 1 mpaka 4. Baada ya kuchonga akapitisha mawe ya kusugua, kuta za silinda zikabaki na mistari inayokatana. Mistari hiyo si uchafu wala uzembe: ndiyo inayoshika oili mpaka ringi zikae. Injini sasa ni ya sisi 1,505 hivi.

Bei: silinda nne 120,000, kusaga krenki 80,000, kunyoosha silinda hedi na kukalisha valvu 60,000. Jumla 260,000, ukiacha pistoni. Linganisheni na 310,000 niliyolipa mwanzo kwa kazi isiyopimwa.

Kasoro zipo na lazima niziseme. Waliahidi siku nne, ikawa siku kumi na tatu, na simu hazikupokelewa vizuri. Hawakunipa vipimo kwa maandishi, nilivinakili mwenyewe kwenye daftari. Na bloku lilirudi na unga wa chuma ndani ya njia za oili. Kuosha hakumo kwenye bei, ila hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza. Nililiosha nyumbani kwa maji ya moto na sabuni, nikipitisha brashi kwenye kila tundu, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nikalipaka oili hapohapo, kabla kutu haijashika. Ukiruka hatua hii, ule unga unakwenda kusaga beringi mpya siku ya kwanza.

Rangi sijapiga. Breki nilizifanya zote, kuanzia masta silinda, kabla ya kuliwasha. Difu ya kuchomelea niliitoa nikaweka ya kawaida, kwa sababu gari natembelea mjini na kwenye kona ilikuwa ikikwangua tairi.

Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya hewa na mafuta, ndiyo iliyoninyima usingizi. Arusha tuko juu, mita 1,400 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi. Mafuta ya kumtosha mtu wa Tanga, huku yanazidi. Plagi zilitoka nyeusi tii. Nilirudi kwa yuleyule mzee, akaniambia nishuke saizi moja ya jeti kuu, kile kitundu kinachopitisha mafuta. Ushauri huo hakunitoza.

Baada ya kilomita 500 za kulizoesha, bila kulikaba, nilimwaga oili na kuweka mpya. Ndipo nikaomba barabara ya ndani ya shamba la rafiki yangu upande wa Monduli, changarawe iliyoshindiliwa. Tulipima kwa futi kamba mita 402, yaani robo maili, umbali wenyewe wa mbio hizi. Shemeji akashika saa ya simu. Mwanzoni tairi moja iliteleza, nilijua itakuwa hivyo tangu nilipoitoa ile difu. Mara tatu nilizokimbia, iliyo bora ilikuwa sekunde 19.8. Wenye magari makubwa hawatashtuka, lakini gari hili mwaka jana lilikuwa juu ya matofali.

Jumatatu nilimpelekea mzee plagi zote nne nimezifunga kwenye gazeti. Alivaa miwani, akazigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Zote kahawia, rangi ya mafuta yaliyo sawa. Kisha akaniuliza habari ya oili. Nimeshatembea kilomita 900 tangu nilipoibadilisha, na kwenye stiki bado iko pale pale nilipoiacha.