Eti masikio yangu ndiyo ya kubadilisha

"Kaka, mita haidanganyi. Labda kinachotakiwa kubadilishwa ni masikio yako."

Hayo niliambiwa na fundi wa magitaa mbele ya wateja wengine wawili, na mmoja wao akacheka. Gitaa ni langu, pikapu nimenunua mimi, kazi nimelipia mimi, na masikio yanayotukanwa ndiyo hayohayo yanayolisikiliza gitaa hilo karibu kila siku kwa miaka. Imepita miezi sasa. Kila nikilichomeka kwenye amplifaya, ile sentensi inarudi.

Gitaa langu lina pikapu mbili, yaani vinasa sauti vya nyuzi, zote hambaka, zile za koili mbili. Zile lilizokuja nazo zilikuwa zimenichosha, kwa hiyo nikanunua mpya: ya shingoni ya Seymour Duncan, ya darajani, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili, ya DiMarzio. Kuna watakaouliza kwa nini sikuchukua seti moja. Nilizisikia zote mbili kwenye magitaa ya watu, nikazipenda kila moja mahali pake, basi. Kuchanganya watengenezaji si kosa, na fundi anayejua kazi hashtuki.

Siku ya kwanza nilimwona mtu wa maana kabisa. Alilipokea gitaa kwa mikono miwili, akaichungulia shingo kwa jicho moja, akaniambia siku mbili. Zikawa kama wiki mbili. Hilo nimeshasamehe, kwa kweli, mafundi wote ni hivyo.

Nikafika nyumbani, nikachomeka. Pikapu ya shingoni ilikuwa tamu hadi nikacheka peke yangu. Nikageuza swichi kwenda darajani, sauti ikakonda. Besi hakuna, katikati hakuna, imebaki sauti ya puani, kama redio ndogo iliyofunikwa na ndoo. Chini yake kulikuwa na mvumo mkubwa kuliko wa pikapu za zamani. Nikazishika nyuzi nione kama utakatika, maana kuna mvumo unaopungua ukigusa nyuzi zilizofungwa ethi, yaani upande wa ardhi wa umeme wa gitaa. Huu haukubadilika hata chembe.

Hambaka inayovuma! Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliiombea hataza hambaka yake mwaka 1955 kwa sababu ya mvumo huohuo. Koili mbili zinakaa ubavu kwa ubavu, ncha za sumaku zimeelekezwa kinyume na koili zenyewe zimeungwa kinyume, ili mvumo unaoingia kwenye koili moja ufutwe na wa koili ya pili, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Ukilipa pesa za hambaka, kimya hicho ni nusu ya ulichonunua.

Nikarudi kwa fundi kesho yake. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuchomeka gitaa. Amplifaya ilikuwa miguuni pake, taa yake nyekundu inawaka, kebo imelala juu yake. Angenyoosha mkono tu. Badala yake akachukua mita ya kupimia umeme, akatia kebo kwenye jeki, akagusa ncha zake mbili, ikasoma 12 na ushei kwenye kipimo cha kilo-omu. "Unaona? Iko sawa." Nikamwambia, "Fundi, naomba tu uisikilize, inavuma kuliko za zamani." Ndipo akanijibu habari ya masikio yangu.

Nikaondoka. Sikusema kitu. Nilikuwa natetemeka.

Wikiendi iliyofuata nililigeuza gitaa kifudifudi mezani, nikafungua kifuniko cha nyuma. Kwenye mfuko wa begi la gitaa nikakuta karatasi mbili za maelezo zilizokuja na pikapu. Ile ya Duncan ilikuwa imekunjuliwa, ina alama ya kidole chenye mafuta. Ya DiMarzio ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, gundi ya mdomo haijaguswa. Niliitazama nailoni ile kwa muda mrefu.

Kila pikapu ina nyaya nne za rangi na mmoja ulio uchi. Kwa Duncan, mweusi ndio wa moto, yaani unaobeba sauti, mwekundu na mweupe vinaunganishwa pamoja, kijani na ule wa uchi vinakwenda ethi. Kwa DiMarzio, wa moto ni mwekundu, na mweusi ndio unaoungana na mweupe. Kijani na wa uchi ethi vilevile. Rangi ni zilezile, ila mweusi na mwekundu vimebadilishana mahali. Fundi wangu alisoma karatasi moja akafunga pikapu mbili. Kwa hiyo ile ya darajani, koili moja ilikuwa imegeuzwa, na kazi yote ya hambaka ikageuka nayo: sauti ya nyuzi ndiyo ikawa inafutana, na mvumo ndio ukawa unajumlishana.

Sasa kuhusu mita. Ni kweli haikudanganya. Iliulizwa ukinzani wa koili mbili zilizofuatana, ikajibu. Ukigeuza moja juu chini, ukinzani ni uleule. Mita haioni koili inaelekea wapi. Lakini ukijua namna ya kuiuliza, itakuambia hata hilo. Nilichukua mita yangu, nikaiweka kwenye kipimo kilekile, nikaweka ubapa wa bisibisi ya chuma juu ya safu ya kwanza ya vichwa vya pikapu: namba ikaruka juu kidogo, ikatulia. Nikaweka juu ya safu ya pili: ikashuka. Nikarudia mara nne, tano. Safu moja juu, safu moja chini. Pikapu iliyofungwa sawasawa, safu zote mbili zinarusha namba upande mmoja. Huo ndio ushahidi, kwa mita ya aina ileile aliyonitambia nayo.

Nikachomoa maungio mawili, nikahamisha waya mweusi na mwekundu, nikachomea risasi upya. Nusu saa haikufika, na mimi si fundi. Nikachomeka. Jamani. Nilipiga uzi wa sita peke yake, wazi, na meza ikaitika. Besi iko, katikati ipo, sauti inakaa hewani muda mrefu kabla ya kufifia, na nikiuachia mkono kuna kimya, kimya cha kweli. Hiyo pikapu niliyokuwa nimeilaani na kutaka kuirudisha dukani ndiyo kitu bora nilichowahi kulitia gitaa langu. Naomba radhi kwayo.

Kwa furaha ile nilikuwa nimeshaamua kumsamehe. Maana lazima niseme haki yake: maungio yake yalikuwa mazuri. Risasi inang'aa, imetulia kama tone la maji, hakuna hata moja lenye rangi ya kijivu iliyochacha. Nyuma ya poti, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti, mahali ambapo mafundi wengi hurundika risasi kama uji kwa sababu kifaa chao hakina moto wa kutosha, yeye alikuwa ameweka kidogo tu na imeshika. Mkono anao. Nilianza hata kuandika kwamba nampa alama za juu kwa kazi ya mkono na kosa lile ni la kibinadamu.

Kisha nikafungua bahasha aliyonirudishia pikapu za zamani. Nyaya zote amezikata sentimita mbili hivi kutoka kwenye mwili wa pikapu. Alikuwa na kifaa chenye moto mkononi, maungio yapo wazi mbele yake, angeyayeyusha akazitoa nzima. Akachukua koleo akakata, kwa sababu ni rahisi. Siwezi kumuuzia mtu, siwezi kuzirudisha bila kuunga nyaya nyingine, na pale pakatikapo ni karibu mno na koili.

Nililipeleka gitaa tena, safari hii nikaichomeka ile amplifaya mimi mwenyewe, nikampigia. Alisikiliza. Akauliza, "Umebadilisha nini?" Nikamwambia, mweusi na mwekundu. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilifuata mchoro." Nikamwonyesha nailoni. Akageuka akaendelea na kazi ya mtu mwingine. Neno samahani halikutoka, na ya masikio hakuigusa kabisa.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba kwa kazi ya daraja au ya shingo ningeweza kumpelekea tena, maana mkono anao kweli. Nimezitazama tena zile pikapu za zamani hapa mezani na visiki vyake vya nyaya. Hapana. Simpelekei hata nyuzi za kubadilisha.