Tathmini ya huduma ya kufyeka na kuzibua mitaro kando ya barabara, Forest Mpya, Mbeya

Kipande cha ardhi kilichopo kati ya ukuta wa nyumba na barabara ni hifadhi ya barabara na si mali ya mwenye nyumba, lakini magugu yakifika magotini anayegongewa geti na bwana afya ni mwenye nyumba huyo huyo. Barabara zetu za mitaa zipo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017, ila usafi wa mbele ya nyumba umebaki kuwa wajibu wa mkazi, na wengi huufanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa kuwa siku hiyo mimi huwa kazini, niliwapa kazi vijana wa mtaani wanaofyeka kwa makubaliano.

Katika kufyeka sina la kulalamika. Walikuja asubuhi na mafyekeo, reki na toroli, wakakata magugu yote, ila ukoka wa kwenye mteremko wakaupunguza tu bila kuung'oa, jambo lililonifurahisha, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika udongo usiporomokee mtaroni. Karibu na dira ya maji kijana mmoja aliweka jembe chini akang'oa kwa mkono, maana bomba limepita juu juu.

Upungufu upo kwenye mtaro. Tope walilolichota walilirundika ukingoni wakaondoka, kana kwamba kazi imekwisha, ilhali kwa miteremko ya Mbeya mvua moja ya Novemba inatosha kulirudisha lote na kuziba kalavati la getini, maji yakaishia kwa jirani wa chini. Nilipowapigia simu walirudi bila ubishi, lakini walidai malipo ya ziada ya kulizoa, nami nikalipa shingo upande, kwani kuzibua mtaro bila kuondoa tope ni kazi nusu.

Matawi yaliyofikia nyaya za umeme walikataa kuyagusa, na hapo nawaunga mkono. Hiyo ni kazi ya TANESCO.

Nitawaita tena, ila safari ijayo tutaelewana kwanza tope litapelekwa wapi na kwa gharama ya nani. Anayewahitaji awatafute kabla ya Oktoba kwisha, kwa sababu mawingu yakishaanza kutanda kwenye mlima Loleza kila nyumba huwataka kwa siku moja, na bei hupanda.