Mbegu ya mtama Macia: nzuri kwa ukame, mbovu kwa ndege

Macia ni mtama mweupe, mfupi, unaokomaa kwa takribani miezi minne. Kwa maeneo kama Dodoma na Singida, tunaupa alama za juu.

Mahindi yakikosa maji hufunga vitundu vya majani ili yasinyauke. Hewa ya kaboni haiingii, usanisinuru unashuka, sukari inapungua. Ukame ukigonga wakati wa kutoa mbelewele, ndevu huchelewa kuchomoza na chavua inapita bure: gunzi linabaki na mapengo hata mvua ikirudi. Hapo ndipo Macia inapojilipa. Nta ya majani hupunguza upotevu wa maji, na majani ya juu hubaki kijani wakati punje zinajaa. Kagua jani la bendera, yaani jani la juu kabisa chini ya suke, wakati punje bado zina utomvu kama maziwa. Likiwa limekauka tayari, tegemea punje nyepesi.

Kilo 3 hadi 4 zinatosha ekari. Panda mistari iliyoachana sentimeta 75, kisha punguzia miche ibaki sentimeta 20 hivi kati ya mche na mche. Usipopunguzia, miche inagombea unyevu na masuke yanadumaa. Kwa kosa hili mbegu hulaumiwa bure.

Kasoro? Punje haina tanini, ile kemikali chungu ambayo ndege hawaipendi, basi kwelea kwelea wanaishambulia vibaya. Ukipanda peke yako kijijini, jiandae kuamia ndege kutwa. Shamba lenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, chukua mbegu za mtama za Hakika au Wahi zinazolistahimili. Faida nyingine: si chotara, unaweza kuweka mbegu yako ya msimu ujao.