Uzoefu wangu na Rompan todo: njia niliyoingilia kwenye roki ya Kihispania

Mjomba wangu alipiga gita la rithim kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, mpaka vidole vilipoanza kumuuma. Jumamosi moja nilipofungua sehemu ya kwanza ya mfululizo wa Rompan todo alikuwa sebuleni kwangu anasubiri chai, wala hakuwa na habari na runinga. Haukupita muda akatokea Ritchie Valens, kijana wa California mwenye asili ya Mexico, na La Bamba yake ya mwaka 1958. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Huu tulikuwa tunaupiga sisi," akasema. "Ukianza huu, hakuna anayebaki kwenye kiti."

Akaniagiza nimletee gita. Chodi tatu tu, na mkono wake ulizikumbuka kabla ya yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo mfululizo huu tumeutazama wote wawili, naye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Kwa asiyeufahamu: Rompan todo ni filamu ya kumbukumbu yenye sehemu sita, kila moja inakaribia saa nzima. Ilitoka Netflix Desemba 2020. Mwongozaji ni Picky Talarico, na mmoja wa wazalishaji wakuu ni Gustavo Santaolalla, mwanamuziki wa Argentina ambaye pia ana tuzo mbili za Oscar kwa muziki wa filamu. Inasimulia historia ya roki ya Amerika ya Kilatini kuanzia miaka ya hamsini, na wanaosimulia ni wapigaji wenyewe: Charly García, Fito Páez, Andrea Echeverri, Rubén Albarrán na wengine wengi. Maandishi ya Kiswahili hakuna. Nilitumia ya Kiingereza nikawa namtafsiria mjomba, na kwa sababu hiyo tulikuwa tunasimamisha kila baada ya dakika mbili tatu.

Kusimamisha huko ndiko kulikotuokoa. Kasoro kubwa ya mfululizo huu ni kwamba haukuachii wimbo ufike mwisho. Gita linaanza, mwimbaji anafungua kinywa, halafu mtu anaingia juu yake kusimulia mambo ya mwaka fulani. Ukiutazama kwa mkupuo utamaliza na majina hamsini kichwani na hakuna hata wimbo mmoja ulioingia moyoni. Sisi tulikuwa tukisikia kitu kikatugusa, tunasimamisha, tunautafuta wimbo mzima kwenye simu, tunausikiliza, tunaurudia, ndipo tunaendelea. Sehemu moja ilituchukua jioni mbili. Nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Kilichonishika tangu mwanzo ni habari ya lugha. Vijana wa Mexico walianza kwa kuchukua nyimbo za Kimarekani na kuziimba kwa Kihispania, kama Los Teen Tops walivyofanya mwaka 1960. Los Shakers wa Uruguay wao waliamua kuimba kwa Kiingereza, na wimbo wao Break It All, yaani "Vunjeni kila kitu", ndio uliozaa jina la mfululizo huu. Halafu mwaka 1967, Buenos Aires, kundi la Los Gatos likatoa La balsa, wimbo wao wenyewe, kwa Kihispania chao wenyewe, kuhusu mtu anayetaka kujijengea chelezo aondoke zake. Waliuandika Litto Nebbia na Tanguito, na inasimuliwa kwamba ulianzia chooni kwenye mgahawa wa La Perla. Ukauzwa sana. Kuanzia hapo Argentina ikawa na roki iliyosema mambo ya kwao.

Mjomba hapa hakuhitaji tafsiri. Yeye amekulia kwenye nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, watu waliochukua mapigo ya Kuba wakayatilia maneno ya Kiswahili yakawa yetu kabisa. "Mpaka uimbe kwa lugha ya mama yako," akasema, "ndipo wanakusikiliza mpaka jikoni."

Sehemu zinazofuata ni nzito. Mexico, Septemba 1971, vijana walimiminika kwenye tamasha la Avándaro kupita matarajio ya walioliandaa, na baada ya hapo serikali ikaifungia roki milango. Muziki ukahamia kwenye magofu na nyua za pembezoni mwa jiji, wenyewe wakaziita hoyos fonkis. Chile, Septemba 1973, wanajeshi wakachukua nchi na mwimbaji Víctor Jara akauawa. Argentina ikafuata Machi 1976. Mfululizo huu unafanya vizuri kuyaweka haya pamoja, kwa sababu ukisikiliza Charly García bila kujua watu walikuwa wakipotezwa, nusu ya maneno yake inakupita pembeni.

Jambo la mwaka 1982 lilinifanya nirudishe nyuma nitazame tena. Majenerali wa Argentina wameingia vitani na Uingereza kugombea visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland. Muziki wa Kiingereza ukaondolewa redioni. Redio sasa zipige nini? Zikawapiga wale wale vijana wa roki ya kwao waliokuwa wakisumbuliwa miaka yote ya utawala huo. Mei mwaka ule likafanyika tamasha kubwa Buenos Aires la kukusanya misaada ya askari; wengine wakapanda jukwaani, kundi la Virus likakataa. Mpaka leo nawaza ningekuwa mimi ningefanya nini. Vita ilipokwisha Juni, utawala ule ukaanza kuporomoka, lakini roki ya Kihispania ilishaingia majumbani na haikutoka tena.

Na sasa Los Prisioneros. Kwa ajili yao tu ningelipia huduma hii mwaka mzima. Ni vijana watatu, Jorge González, Claudio Narea na Miguel Tapia, waliosoma pamoja San Miguel, mtaa wa watu wa kawaida jijini Santiago. Mwaka 1986, Jenerali Pinochet, mtawala wa kijeshi wa Chile, akiwa bado madarakani, walitoa albamu ya Pateando piedras, yaani "Tukipiga mawe mateke", na ndani yake kuna El baile de los que sobran. Mimi natafsiri "Dansi la Waliozidi". Unaanza na mbwa wanabweka, kama usiku wa mtaani kwetu. Halafu gita, kisha sauti isiyo na haraka inaeleza: utotoni tuliambiwa tusome, tukamsikiliza mwalimu, tukaambiwa watu wote ni ndugu. Shule ikaisha. Wenzetu wengine wakapata taji na maisha ya mbele, marafiki zangu wakabaki barabarani wakipiga mawe mateke.

Nilipofika hapo kwenye kutafsiri nikanyamaza. Sisi tunasema yuko kijiweni. Kijiwe chetu nacho ni jiwe. Mtu wa Santiago na mtu wa Temeke, bila kukutana, wamelitumia jiwe kumsemea kijana mwenye cheti mfukoni asiyeitwa popote. Mdogo wangu alimaliza chuo na akakaa hivyo miaka mitatu, na asubuhi alikuwa anapiga pasi shati kama mtu mwenye pa kwenda. Nilimtumia wimbo huu usiku ule ule pamoja na tafsiri yangu. Alinijibu saa saba usiku: "Kaka, huyu anamjua nani huku?" Oktoba 2019, nauli ya treni za chini ya ardhi ilipopanda Santiago na watu wakajaa barabarani, waliuimba wimbo huu huu, miaka 33 baada ya kutoka.

Baada ya hapo inakuja miaka mizuri ya Soda Stereo, watatu wa Buenos Aires waliojaza viwanja tangu Chile na Peru hadi Mexico. Tafuta albamu yao Canción animal ya 1990. Tafuta pia onyesho lao la kuagana, Septemba 1997 kwenye uwanja wa River Plate, mwimbaji wao Gustavo Cerati anapomalizia shukrani zake kwa maneno mawili, "gracias totales". Alifariki mwaka 2014, na ukijua hivyo ni vigumu kuitazama dakika ile kwa macho makavu. Kutoka Mexico, Re ya Café Tacvba ya 1994: nyimbo 20, bolero humo, polka ya kaskazini, panki, vyote. Mjomba alikaa muda mrefu anamtafuta mpiga dramu. Hayupo, ni mashine, na aliposhawishika alitikisa kichwa kwa heshima.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, wanawake. Andrea Echeverri wa Aterciopelados ya Kolombia ni miongoni mwa sauti bora kabisa humu ndani, na Julieta Venegas vilevile, lakini kwa saa nzima nzima unaona wanaume tu. La pili, Santaolalla ni mzalishaji wa mfululizo na pia ndiye aliyezalisha albamu za wengi wanaosifiwa, Café Tacvba wakiwemo, na uzito umeelemea Argentina na Mexico. Sisemi hawastahili, nasema mtazamaji ajue anayesimulia ni nani. Hispania yenyewe haimo, kwa kuwa mada ni Amerika, kwa hiyo Héroes del Silencio wa Zaragoza itabidi uwatafute mwenyewe. Anza na Entre dos tierras, sauti ikiwa juu.

Kuhusu matumizi: kwa simu, punguza ubora wa picha, utalinda bando na hutapoteza kitu, maana picha nyingi ni za zamani. Bando lililobaki liweke kwenye nyimbo. Na kama una spika nzuri, zitumie. Besi ya Zeta Bosio wa Soda Stereo haisikiki kwenye simu.

Naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama wangeacha hata nyimbo sita zikaisha, moja kila sehemu.

Mjomba amebakiza sehemu ya mwisho na hataki tuiwashe bado. Anafanyia mazoezi De música ligera ya Soda Stereo, B maina, G, D, A, kisha anarudi mwanzo. Juzi alinipigia simu kuniuliza maneno ya kiitikio yanatamkwaje, niyaandike kwa herufi kubwa ili ayasome bila miwani.