Uzoefu wangu: kutoka Seiko 5 hadi Grand Seiko, na Rolex na Omega katikati

Saa ninayoivaa siku nyingi sasa ni Grand Seiko SBGA211, saa ya daraja la juu iliyotokana na Seiko ya Japani, ile ambayo wapenzi wa saa huiita Snowflake kwa ajili ya uso wake mweupe wenye vijituta kama theluji iliyopangwa na upepo. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuitolea maoni. Ila siwezi kuieleza peke yake, maana niliifikia kwa kupitia saa nyingine tatu, na kila moja ilibadilisha kile ninachokitafuta ninapoishika saa mpya.

Ya kwanza ilikuwa Seiko 5 ya milimita 37, SNK809. Hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Hata ukitaka kuitia ufunguo huwezi, na ukikivuta kitufe cha pembeni ili kurekebisha wakati, mshale wa sekunde hausimami. Mashine yake, 7S26, hupiga mara 6 kwa sekunde, na ukiutazama mshale kwa karibu utaziona hatua hizo ndogondogo. Kwa bei yake sijaona saa bora. Fundi saa yeyote wa Mombasa anaijua, atakufungulia na kukusafishia bila kukuomba mshahara wa mwezi.

Nilipohamia Muscat, Oman, nikaitamani Rolex, na sababu haikuwa saa yenyewe. Huku jina hilo lina historia yake. Marehemu Sultani Qaboos alikuwa akitoa Rolex kama zawadi, na zile za miaka ya 1970 zenye nembo ya jambia usoni wakusanyaji wanazisaka hadi leo. Barazani, Rolex hutambulika kabla hujaketi, nami nilitaka mkono wangu utambulike. Nikaandikisha jina dukani, nikasubiri sana bila kupewa tarehe, mwisho nikapata Submariner 124060.

Ni saa nzuri kwelikweli. Inastahimili maji hadi mita 300, ikijaa hutembea saa 70, na kiwanda kinaahidi isizidi wala kupungua zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Hupiga mara 8 kwa sekunde, kwa hiyo mshale unakwenda laini kuliko wa Seiko 5. Lakini kilichonishangaza ni kifungo cha mkanda. Joto la Juni hapa huvimbisha mkono. Asubuhi mkanda unakaa vizuri, adhuhuri unabana. Kwa Submariner unafungua kifungo, unausogeza mkanda milimita 2 au 4, unafunga, basi. Huhitaji kifaa wala fundi. Watu husifu jina la Rolex, mimi ningesifu kwanza kifungo hicho, na mpaka leo sijaona saa nyingine inayokifikia.

Baada ya hapo jina likaacha kunitosha, nikaanza kutafuta saa zenye kisa. Omega Speedmaster inacho: NASA, shirika la anga la Marekani, iliipitisha kwa safari zake mwaka 1965, na mwanaanga Buzz Aldrin aliivaa juu ya Mwezi mwaka 1969. Nilichukua ile yenye mashine ya 3861 na kioo cha nyuma. Kisa cha Mwezi nilikizoea mapema. Kuitia ufunguo kila asubuhi sikukuzoea, kulinifurahisha kila siku. Unahisi kamani, ile springi inayoiendesha saa, ikikaza chini ya kidole. Na kupitia kile kioo cha nyuma nikajifunza kutazama kazi: kingo za vyuma zilivyokatwa, magurudumu yalivyopangwa. Hapo ndipo ladha yangu ilipogeuka hasa. Nikawa nachukua lenzi dukani kabla ya kuuliza bei.

Kwa lenzi hiyo ndipo nilipoiona Grand Seiko. Mishale na alama za saa zina kingo kali na nyuso bapa kabisa, zinashika mwanga hata chumbani penye giza kidogo. Mwili na mkanda ni wa titani, mwepesi kiasi kwamba Submariner inaonekana nzito ukizipokezana. Kisha kuna ule mshale wa sekunde wa buluu. Haupigi. Unateleza.

Utaratibu huo unaitwa Spring Drive. Kamani inazungusha magurudumu kama katika saa yoyote ya kutia ufunguo, lakini mwishoni hakuna gurudumu la kwenda na kurudi. Kuna gurudumu linalozunguka upande mmoja tu, mara 8 kwa sekunde. Mzunguko wake unazalisha umeme mdogo sana, umeme unaiamsha fuwele ya kwatzi itetemeke kwa mwendo usiobadilika, na fuwele inaiongoza breki ya sumaku ili gurudumu lisikimbie. Betri hamna. Yoshikazu Akahane, mhandisi wa Seiko, alianza kuliwaza jambo hili mwaka 1977, na saa za kwanza za aina hiyo ziliuzwa mwaka 1999. Kiwanda kinaahidi sekunde 1 kwa siku, na yangu haijawahi kuvuka hapo.

Mnunuzi ajue mambo haya. Kifungo cha mkanda hakina nafasi za kusogeza, kwa hiyo ukiishi penye joto utaukumbuka ule wa Submariner. Mishale haing'ai gizani. Kipimo cha nguvu ya kamani kimewekwa usoni, upande wa kushoto chini; mwanzoni kilinikera, siku hizi sikioni. Kubwa zaidi ni matengenezo: mashine hii si ya kumpelekea fundi wa mtaani, itabidi isafiri hadi kwa wenyewe walioitengeneza, nawe uwe na subira.

Na barazani hakuna anayeitambua. Waliowahi kuuliza bei walishangaa kwamba Seiko inaweza kufika huko, ingawa tangu mwaka 2017 Grand Seiko inasimama kwa jina lake peke yake. Hilo halinisumbui tena.

Speedmaster nimeiuza, Submariner ninaibakiza kwa siku za bahari. Ukienda kuijaribu Grand Seiko, iombe karibu na dirisha, si chini ya taa za kabati, na uutazame mshale wa buluu dakika nzima kabla muuzaji hajaanza kuzungumza. Usipokugusa, nunua Submariner. Kifungo chake peke yake kitakufaa zaidi.