Mashine ya waya iliyookoa kizingiti cha Noah yangu

Nilipovuta zulia la gari letu, Toyota Noah, upande wa mlango wa nyuma niliona changarawe za uani kwetu, hapa Pasiansi, Mwanza. Kizingiti cha chini ya mlango kilibaki puti na rangi tu. Miaka miwili kabla ya hapo nilimlipa fundi mmoja akiweke kiraka. Alichomelea kwa vijiti vya umeme, bati likatoboka, akajaza puti mpaka kwenye vitundu vya kutolea maji. Masika ilipoingia, maji yakakosa pa kutokea, kutu ikala kutoka ndani. Gari hili kwetu ni la kazi: mke wangu hubebea magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Kwa hiyo liliniuma sana, na safari hii nikaamua kuchomelea mwenyewe. Kabla ya kununua chochote nilijaribu kila njia niliyoweza kuifikia.

Nilianza na vijiti, kwa sababu jirani alikuwa na inverta, ile mashine ndogo ya umeme ya kuchomelea. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita 0.8, na kijiti cha milimita 2.5 kinataka ampea 60 hadi 90. Hapo hakuna ufundi wa kukuokoa. Nilifanyia mazoezi mlango mbovu nilioununua kwa wauza vyuma chakavu, na kila nilipogusa palibaki tundu. Vijiti vya milimita 1.6 ni vyepesi zaidi, lakini kila ukisimama inabidi ugonge magamba ndipo uanze tena, na kazi ya bodi ni ya kusimama kila sekunde. Vijiti viacheni kwenye mageti, madirisha na chesisi.

Gesi ilinivutia kweli. Nilikwenda Mkuyuni kwa mzee anayechomelea kwa oksijeni na asetilini tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Nataka kujua kama gesi itafaa kizingiti cha gari."

"Marahaba mwanangu. Lete hicho kibati nikuonyeshe."

Alipitisha moto taratibu, mshono ukatoka laini, unaweza kuugonga kwa nyundo na usipasuke. Lakini bati lenyewe lilipopoa likajikunja kama la paa. Mzee akaniambia bila kuficha: "Moto wa gesi unatembea, mwanangu. Mshono unanyooshwa na nyundo yangu. Wewe una nyundo hiyo?" Sikuwa nayo, na ule ustadi wa kulirudisha bati haupatikani kwa wiki moja. Tena chini ya Noah mipira na mabomba ya mafuta viko karibu mno na moto wa namna ile.

TIG, ile ya umeme yenye sindano ya tungsteni na gesi, niliitazama siku moja tu. Mshono wake ni mzuri kuliko yote, ila ni ya polepole, inataka mikono miwili na chuma kisafi kabisa. Ukiwa umelala chini ya gari, hapana.

Nikanunua mashine ya waya, MIG ndogo ya inverta inayotumia waya wa gesi, yaani unaolindwa na gesi ya mtungi wakati wa kuchomelea, na pia waya wenye unga ndani usiohitaji gesi. Bei yake ilizidi mara mbili ya inverta ya vijiti. Nikaanza bila gesi ili nisilipie mtungi, na cheche ziliruka kama bisi. Nilikaribia kuirudisha dukani. Kumbe waya wa unga unataka tochi, yaani mkono wa kuchomelea, iwe kwenye hasi, na mashine ilikuwa imefungwa chanya kwa ajili ya waya wa gesi. Nilibadilisha nyaya mbili ndani ya kifuniko, ikatulia. Mnaonunua mashine hizi, angalieni hapo kwanza kabla ya kumlaumu muuzaji.

Hata hivyo waya wa unga wa milimita 0.8 ulikuwa bado na moto mwingi kwa bati langu. Nilipofunga mtungi wa argoni iliyochanganywa na kaboni dayoksidi na kuweka waya wa milimita 0.6, ndipo nikaelewa kwa nini watu wa bodi wanaipenda. Sauti inakuwa moja, kama sato kwenye mafuta yaliyochemka. Unabonyeza, sekunde moja, unaachia, moto unakatika hapo hapo. Bati jembamba linataka moto unaoweza kuukata, na hakuna njia nyingine niliyojaribu iliyonipa hilo kwa urahisi huu.

Kiraka nilikikata kwenye bati jeusi la geji 20, karibu milimita 0.9. Msikubali bati la paa. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua, moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Nilikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, nikashika kwa nukta kila sentimita tatu, nikiruka kutoka mwisho huu kwenda ule, na sikurudi mahali mpaka mgongo wa mkono uvumilie joto lake. Kizingiti kizima kilinichukua asubuhi nne. Betri nilitoa waya wa hasi, zulia nikaliondoa, na mdogo wangu alikaa ndani na ndoo ya maji na kizima moto muda wote.

Nasema asubuhi kwa sababu mbili. Mchana upepo wa ziwa unaanza kupanda nchi kavu na kuipeperusha gesi, mshono unatoka na vitundu kama mkate. Jioni umeme unashuka, mashine inatema waya bila kuuyeyusha. Waya wangu wa kwanza wa kuongezea umeme ulikuwa mrefu na mwembamba, nao ulinidanganya kwamba mashine ni mbovu. Nilipoweka wenye shaba ya milimita za mraba 2.5 tatizo likaisha.

Mashine yenyewe ina kasoro. Mkono wa tochi ni mfupi, na kibanio cha hasi kilikuwa hafifu nikakibadilisha. Nguzo za katikati ya milango na mahali mikanda ya usalama inapofungwa sikugusa, kwani hizo zinabeba uhai wa watu, nazo ni za mafundi wenye vipimo.

Baada ya kusaga nilipaka praima yenye zinki, ndani nikapuliza nta ya kuzuia kutu, kisha nikavitoboa upya vile vitundu vitatu vya kutolea maji. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nilitoka na tochi ya mkononi, nikapiga magoti ubavuni mwa gari. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye vitundu vyote vitatu.